Magurudumu matatu yaliyonirudishia mume

Miaka mitatu iliyopita niligawa baiskeli ya mume wangu bila kumuuliza.

Ilikuwa Phoenix nyeusi ya siku nyingi, yenye keria nyuma. Juu ya keria hiyo ndiko nilikokaa enzi za uchumba wetu pale Dodoma, miguu yote upande mmoja, mkono mmoja nimeshika tandiko na mwingine nimeshika kitenge kisipeperuke. Miaka yote aliyofundisha hesabu sekondari, aliendea kazini baiskeli hiyo hiyo.

Kisha kiharusi kikampata. Upande wa kushoto ukalegea. Alijifunza kutembea upya, kwanza kwa kushikwa, baadaye kwa fimbo. Maneno yakarudi, ucheshi nao ukarudi kidogo kidogo. Kilichokataa kurudi ni uwezo wa mwili kujisawazisha. Siku moja alijaribu kupanda Phoenix uani, akaangukia beseni la vyombo. Kesho yake nikampigia mtoto wa dada yangu aje aichukue. Baba Neema alikuwa amelala. Alipoamka akatazama ukuta mtupu pale inapoegemezwa, akarudi ndani. Hakusema neno. Mimi nikadhani ameelewa.

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea niwaandikie kuhusu watoto. Leo nivumilieni niandike kuhusu baba na mama, kwa sababu mwezi Septemba tulisafiri, na safari hiyo imenionyesha kosa langu.

"Mnataka nipande guta?"

Neema, binti yetu mkubwa, anafanya kazi Bordeaux, Ufaransa. Alitualika kwa mwezi mmoja. Baada ya wiki ya kwanza ya kukaa sebuleni kwake tukitazama mvua, akaja na wazo.

"Baba, mama, nimewapangia likizo yenu wawili. Mtazunguka Médoc kwa baiskeli za magurudumu matatu."

Médoc ni ulimi wa nchi kaskazini ya Bordeaux. Upande mmoja ni Bahari ya Atlantiki, upande mwingine ni Gironde, mlango mpana wa mto unaoanzia pale mito Garonne na Dordogne inapokutana. Ufukweni kuna mchanga na misonobari. Kando ya mlango wa mto kuna mashamba ya zabibu ambayo mvinyo wake unajulikana dunia nzima. Na karibu nchi yote ni tambarare.

Baba Neema aliweka kikombe mezani. "Magurudumu matatu? Mnataka nipande guta? Au ile baiskeli ya walemavu, watu wapite wakinitupia sarafu?"

Na mimi, badala ya kumtetea binti yangu, nikadakia: "Neema, baba yako hawezi. Akianguka huko porini nitafanyaje?"

Neema alitutazama wote wawili. "Mama, sijamuuliza baba kama anaweza. Nimewaombeni mkaione tu."

Tulikwenda kuiona. Kabla ya hapo nilihakikisha tumempigia daktari wake Dodoma. Alisema presha ikiwa imetulia, dawa zikinywewa kwa wakati, na mwendo ukiwa wa taratibu, yeye hana pingamizi. Nakiri nilitumaini angekataa.

Jinsi ilivyo

Msifikirie bajaji, wala guta. Baiskeli hii ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Kiti chake kiko chini, karibu na ardhi, nawe unakiegemea kama kiti cha uvivu cha barazani. Miguu unainyoosha mbele kukanyaga pedali, mikono inashuka ubavuni kushika usukani. Mnyororo wake ni mrefu sana kwa kuwa unasafiri kutoka pedali za mbele hadi gurudumu la nyuma. Kwa sababu ziko chini, kila moja hufungwa mlingoti mwembamba wenye bendera ya rangi kali, madereva wa magari wauone.

Faida yake kwa mtu kama Baba Neema ni moja kubwa: haihitaji kusawazishwa. Ukisimama, imesimama. Ukipanda kilima polepole kama kinyonga, haikuangushi. Inaweza kupinduka ukikata kona kwa kasi, kwa hiyo kwenye kona unapunguza mwendo na kuegemea upande wa ndani.

Fundi mwenye duka, mzee wa makamo ya mume wangu, alimfungia mguu wa kushoto kwenye pedali kwa kishikizo cha kisigino na mikanda miwili. Alieleza kwamba mguu dhaifu ukiteleza kwenye pedali unaweza kuburuzwa chini ya chombo na kuvunjika. Ya Baba Neema ilikuwa na mota ndogo ya umeme ya kumsaidia kukanyaga, ambayo kwa sheria za Ulaya huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Yangu haikuwa na mota. Kumbukeni hilo.

Kisha fundi akatuonyesha picha ya zamani ukutani na kutusimulia kisa chake, Neema akitafsiri.

Alikuwepo Mfaransa, Charles Mochet. Mtoto wake Georges alitaka baiskeli, mama mtu akaona baiskeli ni hatari. Basi Mochet akamtengenezea kijana kigari cha magurudumu manne cha kukanyaga kwa miguu. Watu wazima wakakitamani. Miaka ya 1920 akatengeneza kikubwa cha watu wawili, akakiita Vélocar. Baadaye akabuni cha magurudumu mawili, mwendeshaji akiwa ameegemea. Mwaka 1933 Francis Faure, ambaye hakuwa miongoni mwa vinara wa siku hizo, alikiendesha kwa saa moja uwanjani Paris, akafika kilomita 45.055 na kuvunja rekodi iliyodumu tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaamua kwamba chombo cha namna hiyo hakihesabiki katika mashindano yake.

Baba Neema alifurahia habari ya rekodi. Mimi nilibaki na yule mama. Alikuwa na hofu kama yangu, lakini mtoto wake hakubaki nyumbani. Alitengenezewa kitu anachokiweza. Mimi niliona ukuta mtupu nikatosheka.

Njia ya reli

Siku ya kwanza tulitoka Bordeaux kuelekea Lacanau, kwenye pwani ya Atlantiki. Ni karibu kilomita 60, nasi tuliigawa siku mbili. Njia yenyewe ilikuwa ya reli ya zamani. Reli iling'olewa, ikawekwa lami kwa ajili ya baiskeli. Imenyooka, haina magari, na pande zote ni misonobari. Msitu huo ulipandwa kwa wingi katika karne ya 19 kuzuia mchanga na kukausha nchi iliyokuwa ya mabwawa.

Hatukuondoka kwa shangwe. Kilomita mbili za kwanza nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele kama kondakta: "Polepole! Shika breki! Mguu wako!" Penye nguzo za kuzuia magari tulikuta nafasi ni nyembamba kuliko baiskeli zetu, ikabidi wapita njia watusaidie kuzinyanyua. Baba Neema alikaa juu ya kisiki akitazama wageni wakinyanyua chombo chake, uso umemshuka. Nikasema moyoni, si nilisema?

Mchana, mkanda wa mguu ulilegea. Mguu uliteleza. Alifunga breki haraka na hakuumia, ila mimi nilikuwa nimeshashuka nakimbia, nalia. Alininyamazia mpaka nimalize. Kisha akasema, "Mama Neema, mkanda umelegea. Ukazwe." Akaukaza mwenyewe, kwa mkono wa kulia na meno.

Siku ya pili kulipambazuka jua. Njia ikiwa imenyooka mbele yake na mota ikimsaidia, mwalimu akaniacha. Nilimwona akiwa bendera tu, kisha sikuiona hata bendera. Niliita, misitu ikaitika. Nikaongeza nguvu, na hapo hapo nikasikia tairi langu la mbele linapiga chini. Pancha.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Nilikaa ndani ya kile kiti nikihesabu mabaya yote: ameanguka, presha imepanda, yuko mtaroni. Baada ya kama dakika kumi nikaona bendera inarudi.

"Nimesimama kukusubiri, hukuja," alisema. "Nikajua una shida."

Naomba msomaji wangu urudie maneno hayo. Kwa miaka mitatu ni mimi niliyekuwa namsubiri: mlangoni, kwenye ngazi, nje ya choo. Siku ile alinisubiri yeye.

Pancha aliziba yeye. Kwa baiskeli hizi gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo unaweza kutoa mpira wa ndani bila kufungua gurudumu. Alikaa chini, akatafuta tundu kwa kusikiliza upepo, akasugua, akapaka gundi, akabandika kiraka. Mkono wa kushoto ulikuwa unashikilia tu, na kila mara ulichoka. Mara mbili nilinyoosha mkono nimsaidie, mara mbili akanitazama, nikaurudisha. Ilichukua karibu saa nzima. Mimi ningemaliza kwa dakika ishirini. Lakini hakuna aliyekuwa akitukimbiza.

Jioni Neema akapiga simu, ya nne kwa siku hiyo. "Baba, unaendeleaje? Mama anakuangalia?"

"Mimi ndiye ninayemwangalia mama yako," alijibu. "Na usitupigie sana, mwanangu. Tuko fungate."

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilicheka vile.

Kanisa lililochimbuliwa

Lacanau tulipumzika siku moja, tukitazama vijana wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kisha tukafuata njia ya baiskeli ya pwani kuelekea kaskazini, tukilala Hourtin kando ya ziwa, hadi Soulac, karibu na ncha ya ule ulimi wa nchi. Kule ufukweni mahandaki ya zege ya jeshi la Ujerumani, ya vita kuu ya pili, yamebaki yakiinama mchangani, watoto wanachezea juu yake.

Soulac lina kanisa la kale ambalo mchanga wa pwani ulilifukia hadi watu wakalihama katika karne ya 18. Katika karne iliyofuata walilichimbua, na leo watu wanasali humo. Tulikaa kwenye benchi nje yake, tukila mkate na jibini. Ndipo mume wangu aliponena.

"Baiskeli yangu uliigawa bila kuniuliza."

Nilianza kujitetea. Nilitaja beseni, daktari, gharama za hospitali. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule dhaifu, kunisimamisha.

"Najua nisingeweza kuipanda. Ningeigawa mwenyewe. Ningempa mtoto yule yule. Lakini ulisubiri nilale."

Jamani, sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, pale pale, mkate mkononi. Alisema amenisamehe siku nyingi, alikuwa anangoja tu niulize.

Daraja la mwaka 1855

Kutoka Soulac tulishuka upande wa pili, kando ya Gironde. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ukingoni kuna vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo, kila kimoja na wavu wa mraba unaoning'inia. Kisha vikaanza vijiji vya mvinyo: Saint-Estèphe, Pauillac, Saint-Julien, hadi Margaux.

Ukiwa umekaa chini vile, mizabibu inakuwa usawa wa macho yako. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Watu walikuwa wameinama kwenye mistari, mwanzoni mwa baadhi ya mistari pamepandwa mawaridi. Wakulima wa zamani waliyapanda kwa sababu waridi huonyesha dalili za ukungu mapema, mkulima akajua mzabibu uko hatarini.

Baba Neema alikuwa kwao. Kaka yake analima zabibu Hombolo. Alisimama kila mara kushika udongo, akashangaa kukuta changarawe tupu. Tulielezwa kwamba changarawe haituamishi maji na hutunza joto la jua. Kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza aliwaambia wavunaji kwamba kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Mzee mmoja alimvulia kofia na kumpa kishada. Mvinyo hatukuugusa, kwa sababu ya dawa zake, na wala hatukuona tumepungukiwa. Tulikunywa maji ya zabibu.

Pauillac tulisoma habari za orodha ya mwaka 1855. Mwaka huo, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, mashamba bora ya mvinyo mwekundu yalipangwa kwa madaraja matano. Orodha hiyo inatumika hadi leo, na shamba lililopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza ni moja tu, Mouton, mwaka 1973.

Mwalimu alicheka. "Yaani mwanafunzi alifanya mtihani 1855, cheti ni kile kile?" Kisha akanigeukia. "Na mimi je? Ulinipa daraja siku niliyotoka hospitali. Lini nitafanya mtihani mwingine?"

Nilimwambia ameshaufanya, njiani, kwenye pancha. Akataka kujua amepata alama ngapi. Nikasema tisini, kumi nimekata kwa kuniacha msituni.

Neema alitufuata Margaux na gari kubwa la kukodi. Kwa siku 9 tulikuwa tumetembea kama kilomita 200.

Nyumbani

Najua wengi mnaosoma hapa hamtakwenda Médoc, na sisi wenyewe tusingekwenda bila mtoto. Lakini najua pia kwamba katika nyumba nyingi kuna mgonjwa aliyepona nusu, na kuna mke, mume au mtoto anayemlinda. Kwenu nasema haya machache.

Muulize daktari swali kamili. Usiulize tu "asifanye nini". Uliza pia "afanye nini, kwa kiasi gani, na kwa tahadhari ipi".

Tafuta chombo kabla ya kukataza. Kishikizo cha kisigino na mikanda miwili ilitosha kuufanya mguu uliolegea ukanyage tena. Nyumbani kinaweza kuwa kishikio ukutani bafuni, au kiti cha kukalia wakati wa kupika.

Usimfanyie anachokiweza kwa sababu tu wewe unafanya haraka. Dakika arobaini za kiraka hazikunipunguzia kitu.

Na usigawe mali ya mtu akiwa amelala.

Sisi tumeshazungumza na fundi wa kuchomelea hapa Dodoma. Baba Neema amemchorea baiskeli nzima kwenye daftari la hesabu, vipimo vyote, na wanabishana kila wiki juu ya usukani. Sijui kama itatoka kama ile ya Ufaransa. Wao wana hakika.

Wakati tunaisubiri, sasa anakwenda sokoni peke yake kwa miguu, na fimbo yake. Jumamosi alichelewa nusu saa. Nilichukua simu, nikatafuta jina lake, nikaiweka mezani. Alirudi na mchicha, nyanya, na kishada cha zabibu, akilalamika kwamba bei imepanda.